Lishe bora si lazima iwe ghali

WAKAZI wengi wa Nairobi huamini kwamba kula vizuri ni jambo la matajiri. Mgonjwa akiambiwa na daktari abadilishe chakula, fikira zake huenda moja kwa moja kwenye rafu za maduka makubwa ya Westlands na Lavington: mkate wa kahawia, matofaa kutoka Afrika Kusini, mafuta ya zeituni na asali ya chupa. Akitazama mfuko wake, anakata tamaa hata kabla ya kuanza.

Lazima nikiri kwamba sisi madaktari tumechangia imani hiyo. Mwaka jana alikuja kwangu mama mmoja wa miaka arobaini na miwili, mkazi wa Kangemi, ambaye huuza nguo katika duka moja katikati mwa jiji. Alikuwa na kisukari na shinikizo la damu. Nilimwandikia dawa, kisha nikampa karatasi iliyopigwa chapa yenye vyakula alivyopaswa kula: kuku asiye na ngozi, samaki wa kuchoma, mchele wa kahawia, matofaa, maziwa yaliyoondolewa mafuta. Aliisoma polepole, akaikunja, akaniuliza, "Daktari, hiki ni chakula cha nani? Mimi nina mume, watoto watatu, na mume wangu ni wa kibarua."

Sikuwa na jibu. Nilimwomba arudi baada ya wiki moja akiwa ameandika kila chakula kilichonunuliwa nyumbani kwake, pamoja na bei. Alirudi na daftari la shule la mtoto wake, na safari hii alimbeba pia kitinda mimba wake wa miaka mitatu ambaye alikuwa akichoka ovyo. Kipimo cha damu cha mtoto huyo kilikuwa 9.6, ilhali mtoto wa umri huo anapaswa kuwa na 11 au zaidi. Kwa hivyo katika nyumba moja kulikuwa na mama mwenye uzani kupita kiasi na mtoto mwenye upungufu wa damu, na wote wawili walikula kutoka sufuria moja.

Daftari lile lilinifunza mengi kuliko karatasi yangu. Kwa idhini yake nitakueleza, msomaji, yaliyokuwemo, kwani huenda yakafanana na ya nyumbani kwako.

Pesa zilikwenda wapi?

Haya ndiyo matumizi ya wiki moja kwa watu watano. Bei ni alizolipa yeye. Zako zaweza kutofautiana kidogo.

- Mkate mmoja kila siku: Sh490
- Sukari kilo 2: Sh320
- Maziwa, pakiti mbili za nusu lita kila siku: Sh840
- Unga wa sembe, pakiti tatu za kilo mbili: Sh480
- Mchele kilo 2: Sh360
- Mafuta ya kupimiwa kioskini, Sh50 kila siku: Sh350
- Nyama ya ng'ombe kilo 2: Sh1,300
- Sukuma wiki, nyanya na vitunguu: Sh560
- Mandazi ya watoto ya kwenda shuleni: Sh250
- Chipsi za Ijumaa jioni: Sh300
- Soda za Jumapili: Sh200
- Chumvi, majani chai na vikolezo vya mchuzi: Sh150

Jumla ni Sh5,600, yaani Sh800 kwa siku. Wapo watakaosema ni nyingi na wapo watakaosema ni kidogo. Mimi nilitazama jambo jingine. Mkate, sukari, mandazi, chipsi na soda vilimeza Sh1,560, zaidi ya robo ya pesa zote. Mboga zilipata sehemu moja tu katika kumi. Hapakuwa na tunda hata moja. Hapakuwa na punje ya maharagwe wala ndengu, samaki wala yai.

Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwamba maharagwe ni chakula cha shule za bweni, na kwamba watoto wake wasingefurahi majirani wakiona wanakula githeri kila mara. Jibu hilo nimelisikia mara nyingi hapa mjini. Wengi wetu tulilelewa kwa githeri, viazi vitamu na mboga za kienyeji, na tulipofika Nairobi tukaona kuviacha ndio ustaarabu.

Maradhi mawili chini ya paa moja

Je, kuna ubaya gani mtu akila mkate mweupe, sembe na nyama, mradi ameshiba?

Tumbo laweza kujaa huku mwili ukiwa na njaa. Mkate mweupe, sukari, mandazi na chipsi hutia nguvu nyingi kwa haraka, lakini huwa na madini na vitamini kidogo na nyuzinyuzi kidogo sana. Nguvu zisizotumika hugeuka mafuta mwilini. Mtu mzima, hasa anayefanya kazi ya kukaa au kusimama mahali pamoja, hunenepa, na baada ya miaka kadhaa shinikizo la damu na kisukari hubisha hodi. Mtoto mdogo, ambaye tumbo lake huchukua chakula kidogo, hujazwa mkate na chai, akakosa madini ya chuma ya kutengeneza damu.

Hali hii si ya Kangemi pekee. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulionyesha kwamba watu wazima wapatao 94 kati ya kila 100 nchini Kenya hawali mboga na matunda ya kutosha. Karibu robo ya watu wazima walikuwa na shinikizo la damu, na wengi wao hawakuwa wamewahi kupimwa. Mwaka wa 2022 uchunguzi mwingine wa kitaifa ulibainisha kwamba watoto 18 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na wakati huo huo zaidi ya wanawake wanne katika kila kumi wana uzani kupita kiasi. Utapiamlo na unene sasa vinaishi nchi moja, mtaa mmoja na hata nyumba moja.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku. Kwa kipimo cha nyumbani, hizo ni takriban sehemu tano: tuseme vijaa-mkono vitatu vya mboga na matunda mawili. Viazi, nduma na mihogo havihesabiwi hapo, kwani hivyo ni vyakula vya wanga.

Nyama au maharagwe?

Kitu kilichomeza pesa nyingi zaidi katika daftari lile ni nyama. Wengi hununua nyama kwa ajili ya protini, ambayo hujenga mwili. Basi na tupige hesabu.

Kilo moja ya maharagwe makavu ina takriban gramu 220 za protini. Kilo moja ya nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa ina takriban gramu 200. Mama huyu alinunua nyama kwa Sh650 kilo, na maharagwe sokoni Kangemi yalikuwa Sh180. Hivyo, kwa kila shilingi aliyotoa, maharagwe yangempa protini karibu mara nne ya ile ya nyama. Na kama nyama ina mifupa, ambavyo ndivyo huwa katika buchari nyingi, tofauti ni kubwa zaidi.

Utasikia watu wakisema protini ya maharagwe ni duni. Ni kweli kwamba peke yake haijakamilika kama ya nyama au yai. Lakini kinachopungua katika maharagwe kimo katika mahindi, na kinachopungua katika mahindi kimo katika maharagwe. Vikiliwa pamoja hukamilishana. Wazee wetu waliopika githeri hawakusomea maabara, lakini walikuwa wamepata jawabu.

Simaanishi kwamba uache nyama kabisa. Nyama ina madini ya chuma ambayo mwili huyachukua kwa urahisi, na kipande kidogo kikichanganywa na maharagwe husaidia mwili kuyachukua hata yale ya kwenye maharagwe. Ninachosema ni kwamba nyama kilo moja kwa wiki, ikigawanywa vizuri, yaweza kutosha nyumba kama hii.

Usisahau omena. Kwa kuwa samaki hawa wadogo wa Ziwa Victoria huliwa wazimawazima, pamoja na mifupa, hutupatia protini na chokaa ya kuimarisha mifupa na meno kwa bei ambayo samaki wakubwa hawawezi kushindana nayo. Chambua mchanga, osha kwa maji ya moto, kaanga kidogo kwa nyanya na kitunguu. Kwa watoto wadogo, saga omena waliokaushwa vizuri uchanganye kidogo katika mboga au mchuzi.

Maziwa nilimshauri asiyapunguze. Watoto wanayahitaji. Ukiweza kupata maziwa ya kupimwa kwenye mashine kwa bei nafuu, nunua, lakini kama huna hakika yamechemshwa, yachemshe nyumbani.

Unga wa kinu na wa pakiti

Unga mweupe wa pakiti umeondolewa ngozi na kiini cha mahindi. Huko ndiko kulikokuwa na nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini na mafuta mazuri. Mahindi yakisagwa kwenye kinu cha mtaani bila kukobolewa, vyote hubaki. Nyuzinyuzi hizo hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu, jambo linalomfaa sana mwenye kisukari, na pia humfanya mtu ashibe kwa ugali mdogo zaidi.

Hata hivyo, ni lazima niseme pande zote mbili. Tangu mwaka wa 2012 sheria ya Kenya imetaka unga wa mahindi na wa ngano unaosagwa viwandani uongezwe vitamini na madini, yakiwemo ya chuma. Unga wa kinu hauongezwi kitu. Kwa hivyo anayeutumia azidishe maharagwe na mboga za majani.

La pili ni usalama. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka wa 2004 sumu hiyo iliua watu 125 katika sehemu za Makueni, Kitui na maeneo jirani. Sumu hiyo haiondolewi kwa kupika ugali ukaiva. Nunua mahindi makavu yanayolia ukiyatikisa mkononi. Chagua na utupe punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika au zenye ukungu, na usage ya wiki moja au mbili tu. Gunia la bei ya kutupa lenye harufu ya uvundo halina faida yoyote.

Mboga na matunda ya msimu

Sukuma wiki imedharauliwa kwa sababu ya jina lake na bei yake. Kwa kweli ni miongoni mwa mboga bora duniani. Ina vitamini A na C kwa wingi, na chokaa yake huchukuliwa na mwili vizuri kuliko ile ya spinachi. Huko Ulaya na Marekani jamaa yake wa karibu huuzwa ghali kama chakula cha watu wanaojali afya zao. Sisi tunaipata kibandani kwa mama mboga.

Lakini usile sukuma peke yake kila siku. Badilisha kwa managu, terere, kunde, saga na kabeji. Mboga hizi za kienyeji hazihitaji nyama ndipo ziliwe. Maziwa kidogo au karanga zilizosagwa hutosha kuzitia ladha.

Kuhusu matunda, usitafute yaliyosafiri. Pera la kawaida lina vitamini C kuliko chungwa, na chungwa nalo lina nyingi kuliko tofaa. Kula tunda la msimu wake: maembe yakijaa sokoni kati ya Desemba na Machi, hiyo ndiyo zamu yake, parachichi likishuka bei, lipake kwenye mkate au kiazi mahali pa siagi. Mwenye kisukari anaweza kula tunda zima, kwa kiasi. Asichopaswa ni kulikamua akanywa maji yake matupu.

Jihadhari na mboga zinazopandwa kandokando ya mito ya jiji na kumwagiliwa maji taka. Muulize mama mboga wako mboga zake zatoka wapi. Aliye mwaminifu atakwambia. Kwa vyovyote vile, zioshe kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kuzikata. Ukizikata kwanza ndipo uoshe, vitamini C nyingi itakwenda na maji. Usizichemshe hadi zikageuka rangi ya majani makavu. Dakika chache zatosha.

Ununuzi wa kadogo

Katika mitaa ya Kangemi, Kawangware na Uthiru, karibu kila kitu huuzwa kwa vipimo vidogo: mafuta ya Sh20, sukari ya Sh10, unga wa robo. Utaratibu huu huwaokoa watu wanaolipwa kwa siku, na simlaumu yeyote anayeutumia. Lakini anayeweza kuuepuka, hata kwa vitu viwili tu, ataona tofauti. Mama wa daftari alitumia Sh350 kwa wiki kwa mafuta ya kupimiwa. Aliponunua chupa ya lita moja kwa Sh330, na kuanza kuyapima kwa kijiko badala ya kuyamimina, ilidumu siku kumi. Yeye hakuhisi kupungukiwa, na kwa mgonjwa wa shinikizo la damu mafuta kidogo ni heri.

Tatizo ni kupata zile Sh330 kwa mkupuo mmoja. Hapa ndipo chama chaweza kusaidia. Vyama vingi vya akina mama huzungusha pesa, sahani na blanketi. Kwa nini visizungushe maharagwe? Gunia la kilo 90 likinunuliwa kwa bei ya jumla na kugawanywa na wanachama tisa, kila mmoja hupata kilo kumi, chakula cha mwezi na zaidi.

Kuhusu mahali pa kununua, Marikiti asubuhi na mapema ni rahisi kuliko kibandani, na soko la Wangige linajulikana kwa mayai. Lakini hesabu nauli. Ukitoa nauli ya Sh100 kwenda na kurudi ili uokoe Sh60, umepata hasara. Anayefanya kazi mjini anaweza kupitia sokoni mara moja kwa wiki akirudi nyumbani. Asiyefanya kazi huko afadhali anunue soko la mtaani jioni, wauzaji wanapopunguza bei ili mboga zisilale.

Mambo yasiyogharimu hata senti

Kuna mabadiliko ambayo hayahitaji pesa, na pengine ndiyo yenye manufaa makubwa zaidi.

Kwanza, chai. Majani chai yana kemikali inayozuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga. Mtoto anayekunywa chai pamoja na chakula hula madini hayo na kuyapoteza papo hapo. Kunywa chai saa moja au zaidi kabla au baada ya kula. Badala yake, kula na kipande cha chungwa, ndimu au nyanya mbichi, kwani vitamini C huyasaidia madini ya chuma kuingia mwilini.

Pili, magadi. Wengi huyatia katika githeri au maharagwe ili yaive haraka. Magadi huharibu vitamini B1 iliyomo na pia huongeza sodiamu, ile ile iliyomo katika chumvi, ambayo si nzuri kwa mwenye shinikizo la damu. Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha pika kwa maji mapya. Yataiva mapema na utaokoa makaa au gesi. Pika mengi mara moja, uyagawe kwa siku mbili tatu. Kama huna jokofu, yachemshe vizuri kila asubuhi na jioni, na usiyaweke kupita siku moja wakati wa joto.

Tatu, chumvi. Mtu mzima hapaswi kupita gramu tano kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyake vyote. Vile vikolezo vya mchuzi vya mchemraba kwa sehemu kubwa ni chumvi. Kitunguu saumu, tangawizi, dania na pilipili vitakupa ladha bila kukuumiza.

Nne, sukari. Chupa ya soda ya mililita 300 ina karibu vijiko vinane vya chai vya sukari. Asali na sukari ya kahawia nazo ni sukari, na mwenye kisukari asidanganyike. Mkate wa kahawia pia huenda ukawa umetiwa rangi tu. Soma karatasi yake uone kama umeandikwa kuwa wa ngano nzima.

Daftari la pili

Miezi mitatu baadaye mama yule aliniletea wiki nyingine aliyoiandika:

- Mkate, mara mbili kwa wiki: Sh140
- Viazi vitamu na uji wa wimbi vya asubuhi: Sh390
- Sukari kilo 1: Sh160
- Maziwa, kama awali: Sh840
- Mahindi ya kusaga na ya githeri: Sh320
- Mchele kilo 1: Sh180
- Mafuta: Sh230
- Maharagwe kilo 1 na ndengu kilo 1: Sh360
- Omena: Sh200
- Mayai kumi: Sh180
- Nyama kilo 1: Sh650
- Mboga za aina mbalimbali, nyanya na vitunguu: Sh700
- Ndizi, machungwa, papai na parachichi: Sh630
- Chumvi, majani chai, tangawizi na dania: Sh90
- Makaa zaidi ya kuchemshia nafaka: Sh150

Jumla ilikuwa Sh5,220, pungufu ya ile ya kwanza kwa Sh380, hata baada ya kuhesabu makaa. Mboga na matunda sasa vilipata karibu robo ya pesa zote. Aliniambia kuwa nusu ya akiba hiyo ilikwenda kwa unga wa ngano wa chapati za Jumapili, kwa kuwa watoto waligoma. Nilimwambia hakuna ubaya. Nyumba isiyo na furaha mezani haitafuata ushauri wa daktari kwa muda mrefu.

Mumewe pia alinung'unika wiki mbili za kwanza kwamba anafungiwa kazini chakula cha wafungwa. Aliacha kunung'unika alipoona hanunui tena chakula cha mchana cha hoteli.

Shinikizo la damu la mama huyo lilikuwa 164 kwa 98 alipoanza. Baada ya miezi sita lilikuwa 138 kwa 86. Damu ya mtoto ilipanda hadi 11.4. Lakini usinielewe vibaya: mama alimeza dawa zake kila siku, na mtoto alipewa dawa ya kuongeza damu na ya minyoo. Chakula hakikuchukua nafasi ya dawa. Kiliipa dawa nafasi ya kufanya kazi. Usithubutu kuacha dawa zako kwa sababu umeanza kula mboga, na kama una maradhi ya figo, muulize daktari wako kabla ya kuzidisha maharagwe, ndizi na parachichi.

Wasio na cha kupunguza

Najua wapo wasomaji watakaosema, "Daktari, mimi sina hizo Sh800 kwa siku." Wana haki. Asiyekula mkate hawezi kuambiwa apunguze mkate. Ripoti za kila mwaka za mashirika ya Umoja wa Mataifa zimeonyesha kwamba zaidi ya nusu ya Wakenya hawawezi kumudu mlo kamili. Kwa familia kama hizo shida ni mapato, na ushauri wa daktari, hata uwe mzuri vipi, haujazi sufuria.

Serikali ilipopunguza bei ya unga hadi Sh90 kwa pakiti ya kilo mbili mwaka wa 2017, na Sh100 mwaka wa 2022, mjadala wote ulihusu unga. Ni wakati wa kuulizana pia kuhusu maharagwe, mboga na maziwa. Jambo la kutia moyo ni mpango wa Dishi na County uliozinduliwa mwaka wa 2023, ambapo mwanafunzi wa shule za msingi za umma jijini hupata chakula cha mchana kwa Sh5. Mzazi mwenye mtoto katika shule yenye mpango huo asiukose, kwani Sh5 haziwezi kununua hata andazi moja.

Kwa aliye na kidogo sana, nashauri mambo matatu tu: maharagwe au ndengu kabla ya nyama, mboga ya majani kila siku hata kama ni kidogo, na asimpe mtoto chai pamoja na chakula.

Anza na daftari

Msomaji mpendwa, usianze kwa kubadilisha chakula. Anza kwa kuandika. Kwa siku saba andika kila kitu kinachonunuliwa nyumbani, pamoja na kile unachokula njiani na kazini. Usimfiche mtu na usijifiche. Kisha piga mstari chini ya mkate, sukari, soda, mandazi na vya kukaanga, ujumlishe. Jumla hiyo ndiyo bajeti yako ya matunda na maharagwe, na tayari iko mfukoni mwako.

Badilisha kitu kimoja kila wiki, wala usivamie vyote kwa pamoja. Sahani yako na iwe hivi: nusu mboga, robo ugali, wali au viazi, na robo iliyobaki maharagwe, ndengu, samaki, yai au nyama. Na ukienda kwa daktari, chukua daftari hilo. Akikupa karatasi ya vyakula usivyoweza kununua, mwonyeshe, naye atalazimika kufikiri upya, kama nilivyolazimika mimi.

Haba na haba hujaza kibaba. Ile karatasi yangu iliyopigwa chapa nimekwisha kuitupa. Siku hizi wagonjwa wangu huondoka na ukurasa mtupu wenye mistari, na kalamu.